Kanuni ya Mahudhurio na Mazishi ya Fundi wa Asembo Bay

Siku ile ya soda na keki za kuniaga mliniomba, nyinyi vijana wa ofisi ya mitihani, niwaandikie yale niliyojifunza kazini. Nadhani mlitarajia ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Ukuta wenu tayari una karatasi za kutosha na hakuna anayezisoma, kwa hivyo nimeandika kwa kirefu kidogo, na mwenye nafasi atasoma. Vyeo sitavitaja. Vilinijia kama mvua ya Kisumu, bila kuangalia nani amelima.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji. Nyumbani tulisema Kiswahili, nje tukasema Kijaluo na wenzetu, na Kiingereza tulikisema shuleni kwa kuogopa kiboko. Wengi mliniita Mzee Shabani hata kabla sijastahili kuitwa mzee. Niliingia chuoni nikiwa kijana mwembamba mwenye mwandiko mzuri, na mwandiko ndio ulionipa kazi, kwa sababu wakati huo orodha za watahiniwa tuliziandika kwa mkono.

Siku ya kwanza nilipewa chaki. Nilikuwa nimevaa tai, nikidhani nitaonyeshwa dawati langu. Mkuu wangu, Mama Consolata, mwanamke mrefu aliyetembea polepole na kuona kila kitu, alinipeleka kwenye ukumbi mkubwa na kuniambia niandike nambari kwenye kila dawati, nikipima nafasi kati ya moja na jingine kwa mkono ulionyooshwa. Nilipomaliza alipita katikati ya safu, akasimama mahali fulani na kusema kwamba hapo mtu anaweza kumnong'oneza jirani. Nikaivuta safu nzima upya. Nambari za zamani nilizifuta kwa mkono wa shati langu, maana hakuna aliyekuwa amekumbuka kununua kitambaa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: kengele ya mkono, saa ya ukutani iliyokimbia mbele ya saa nyingine zote mjini, mkanda wa gundi, na mkasi wa kukatia mifuko ya mitihani iliyozibwa. Mkasi ule Mama Consolata aliufunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wake. Alisema katika chuo kikuu, ambapo kila mtu anajua maana ya maadili, mkasi haukai.

Ndiye aliyenifundisha kanuni. Hakunipa kijitabu nisome. Alinifundisha mlangoni, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Chupa ya maji ivuliwe karatasi yake, kwa sababu upande wa ndani huandikwa. Kikokotoo kifunguliwe kifuniko. Anayechelewa zaidi ya nusu saa haingii, hata kama analia, na akilia apewe kiti nje na maji ya kunywa. Nilipomwuliza kama haoni huruma, alinijibu neno ambalo nimelirudia kwa wengi wenu.

"Huruma unayo, Shabani, na mimi ninayo. Lakini hapa mlangoni usimwangalie mtu uso. Mwangalie mikono."

Ushauri huo ulinifaa kwa miaka mingi. Wanafunzi wa siku zile walitengeneza mwakenya, yaani vile vikaratasi vya kunakili, kwa ustadi ambao wangeutumia kusoma wangepata daraja la kwanza. Niliona mwandiko mdogo kama mchanga kwenye rula, kwenye nyayo za viatu, kwenye bendeji ya kidole kisichokuwa na kidonda. Kijana mmoja, tulipomfikia, alimeza. Kamati ya nidhamu ilikaa asubuhi nzima ikijadili kama ushahidi ulioliwa ni ushahidi, na mwanasheria wa chuo akaomba muda wa kusoma zaidi. Kijana aliponyoka. Baadaye alirudi kwetu na maumivu ya tumbo kuuliza kama wino wa kalamu una sumu.

Hayo ndiyo tuliyoyacheka. Mengine hayakuchekesha. Msichana mmoja alifukuzwa kwa kumfanyia mwenzake mtihani, na siku iliyofuata mama yake akafika kutoka upande wa Ugenya. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wetu tangu tulipofungua. Tulijua ni nani na tulijiandaa kwa machozi, maana wazazi wengi hupiga magoti. Yeye hakuomba asamehewe mtoto. Tulipomwita ndani aliuliza kitu kimoja tu: kama anaweza kuchukua godoro kule bwenini, kwa sababu lilikuwa la nyumbani na mdogo wake alilala chini. Mama Consolata alimpeleka mwenyewe, wakalibeba pamoja hadi langoni. Aliporudi alifunga mlango wa ofisi yake, na hatukumgongea.

Alistaafu muda si mrefu baada ya hapo, nami nikakalia kiti chake. Mambo yakabadilika. Zikaja kompyuta, zikaja kadi zenye picha, ikaja mashine ndogo ya alama ya kidole iliyowekwa katika kila ukumbi wa mihadhara ili kurekodi nani amehudhuria. Mashine hiyo ndiyo inayonifikisha kwenye jambo ninalotaka mlijue, hata kama mtasahau mengine yote.

Kanuni ya mahudhurio mnaijua. Mwanafunzi asiyehudhuria theluthi mbili ya vipindi vya somo hafanyi mtihani wa somo hilo, isipokuwa awe na sababu iliyothibitishwa kwa hati. Aliyeugua alete barua ya hospitali. Aliyefiwa alete kibali cha mazishi. Tulikuwa na sababu ya kukaza. Kabla ya hapo wanafunzi waliwaua nyanya zao bila aibu. Nilikuwa na mmoja aliyefiwa na nyanya yule yule mihula mitatu mfululizo, na kila mara alilia upya. Kwa hivyo tukataka hati, na kwa miaka kadhaa hati zilitutosha.

Okoth alikuwa mwaka wa mwisho, akisomea upimaji wa ardhi. Kijana mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa yenye makovu madogo ya kazi, kwa sababu likizo zote alimsaidia baba yake, aliyekuwa fundi wa injini za boti huko Asembo Bay. Hakuwahi kuletwa mbele ya kamati kwa kosa lolote. Nilimfahamu kwa sababu ndogo: mashine yetu ya alama ya kidole ilipokataa kufanya kazi, yeye ndiye aliyeifungua kwa ncha ya kisu, akaipangusa, ikaamka.

Muhula huo wa mwisho, wiki chache baada ya masomo kuanza, boti iliyobeba watu kutoka upande wa Mbita ilizimika injini katikati ya maji. Baba yake Okoth aliitwa. Alichukua vifaa vyake na mtumbwi mdogo, akaenda peke yake, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Upepo ukaja. Watu wa ile boti waliokolewa na boti nyingine wakafika nyumbani wote salama, wengine hata mizigo yao haikulowa. Mtumbwi wa fundi ulionekana umepinduka. Fundi hakuonekana.

Okoth alienda nyumbani siku ile ile. Yeye ndiye kifungua mimba, na kwao baba akipotelea majini, mwana wa kwanza haondoki ufuoni mpaka apatikane. Kila asubuhi walitoka na boti na kulabu, wakirudi jioni. Magugu maji yalikuwa yameifunika ghuba kama shamba, boti zikawa zinakwama. Siku zikawa wiki. Mama yake alikaa ufukweni, wanawake wa soko la samaki wakimletea uji. Mwishowe wazee walikaa wakaamua ifanywe kama wanavyofanya tangu zamani mwili unapokosekana: wakalikata tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini, wakalifunga kama mtu anavyofungwa, wakalizika kaburini kwa maombi na vilio vyote vya mazishi. Baada ya hapo aliyezikwa amezikwa. Watoto wananyolewa, mjane anakuwa mjane.

Okoth alirudi chuoni wiki ya mitihani. Nilikuwa mlangoni mwenyewe asubuhi hiyo. Alisimama mbele yangu na kadi yake mkononi, kichwa kimenyolewa, nami nikatafuta jina lake kwenye orodha na sikulipata.

"Mzee, jina yangu haiko?"

Nikamwambia mashine ilimwondoa kwa sababu ya mahudhurio. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa akimzika baba. Nikamwuliza kibali cha mazishi kiko wapi, maana na kibali ningemwingiza pale pale na kurekebisha orodha baadaye. Wanafunzi walikuwa wamejipanga nyuma yake, wengine wakisoma mambo ya dakika ya mwisho. Aliinama akasema kwa sauti ya chini ili wasisikie.

"Hakuna kibali. Tulizika yago."

Mimi ni Mwislamu wa Kaloleni, kwetu hatuziki hivyo, lakini mtu hakui Kisumu asijue neno hilo lina maana gani. Nilimpa kiti nje na maji. Sikuwa na mamlaka ya kumwingiza bila hati, na yeye alijua. Mlango ulipofungwa alikaa pale mpaka mtihani ukaisha, akawatazama wenzake wakitoka.

Mhadhiri wa somo lake alisema hana kinyongo na kijana, lakini mashine imeshasema. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu na taratibu, profesa niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, alisema rufaa ipelekwe na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwanafunzi. Jumamosi hiyo nilikwenda Asembo Bay kwa hiari yangu. Nilitaka kuona kwa macho ili nikisimama mbele ya kamati nisiseme nimeambiwa.

Baba mdogo wa Okoth alinipokea, mzee wa kimya aliyekuwa akishona nyavu. Alinionyesha kaburi pembeni mwa nyumba, udongo bado mbichi, na msalaba ulioandikwa jina la marehemu kwa rangi ya boti. Kando ya ukuta kulikuwa na injini tatu zilizofunguliwa, za wateja, ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua. Nilimweleza kwamba chuo kinahitaji uthibitisho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana," akasema, "na sisi tungefurahi sana mtu atuthibitishie. Hata akituthibitishia kinyume."

Tulikwenda pamoja kwa chifu. Chifu alikuwa mtu mwema na mwenye wasiwasi. Alimjua marehemu, fundi alikuwa amemtengenezea pikipiki. Lakini alieleza kwamba hawezi kuandika kibali cha kuzika tunda, na kwamba kwa sheria mtu asiyepatikana hahesabiwi amekufa mpaka miaka saba ipite. Aliloweza kuandika ni kwamba mtu huyo ameripotiwa kutoonekana. Aliandika hivyo, akapiga muhuri, akaniomba msamaha kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Sitasahau kikao cha rufaa hiyo. Tulikuwa watu saba mezani, na zaidi ya nusu walikuwa Wajaluo wa ufuoni, wana wa nyumba ambazo makaburi ya namna hiyo yako uani. Mwenyekiti mwenyewe kwao ni Uyoma. Nilitoa ripoti yangu, nikasema nimeliona kaburi. Kisha barua ya chifu ikasomwa, na mjumbe mmoja akasema kwamba kutoonekana si kufiwa, na kanuni inataja kufiwa. Mama mmoja tu, daktari wa kitivo cha elimu, alibisha. Alisema hapa hakuna mtu asiyejua kilichotokea, na tunajifanya wageni katika nchi yetu. Walimtazama kwa adabu.

Okoth aliitwa. Mwenyekiti akamwuliza kama anasema baba yake amekufa au amepotea. Kijana alimgeukia. 

"Profesa, wewe ni mtu wa huku. Nikikuambia tumezika yago, unajua nimesema nini."

"Kama mtu wa huku najua," mwenyekiti akajibu. "Kama mwenyekiti, sijaonyeshwa hati."

Alisema bila ukali. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na niliona anaigeuza geuza kalamu. Okoth akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia. Kura zikapigwa. Aliambiwa arudie mwaka mzima, kwa sababu masomo yale hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Mitihani iliisha, wanafunzi wakaenda nyumbani. Likizo ikiwa katikati, upepo uligeuka ukayasukuma magugu, na wavuvi wa upande wa Luanda Kotieno wakaona mwili umenaswa chini yake. Haukuweza kutambulika kwa uso. Walimtambua kwa mshipi, na kwa spana iliyokuwa bado kwenye mfuko wa ovaroli. Polisi waliandika, hospitali ikaandika, kibali kikatolewa. Kule nyumbani wazee walibishana sana kama mtu anaweza kuzikwa mara ya pili, na mjane akasema yeye hawezi kulia upya, machozi hayo ameshayatoa. Mwishowe kaburi lilifunguliwa, lile tunda likatolewa, fundi akalazwa mahali pake. Watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza.

Siku chache baada ya mazishi hayo Okoth aliingia ofisini kwangu. Alikuwa amevaa shati safi. Aliweka kibali cha mazishi mezani na kukigeuza kielekee upande wangu.

"Sasa mwili uko," akasema.

Nilichukua kile kibali nikakipeleka kwa mwenyekiti nikikimbia, mtu mzima mimi, koridoni. Nilijua kuna mitihani maalumu iliyobaki kabla ya muhula kufungua, na nilijua Okoth angeweza kuingizwa humo. Mwenyekiti alikisoma, akakisoma tena. Kisha akafungua kijitabu cha kanuni na kunionyesha kifungu kisemacho kwamba ushahidi mpya lazima uletwe ndani ya wiki mbili tangu uamuzi. Wiki mbili zilikuwa zimepita zamani. Nilimwambia kwamba katika wiki hizo mbili baba wa mtoto huyu alikuwa chini ya magugu. Alisema anajua.

Nilisimama pale kwa muda. Alipoona sitoki alivua miwani.

"Shabani, mimi nikifungua mlango huo kwa huyu, kesho utajaa nyanya."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonichosha zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Nilirudi nikamweleza Okoth. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama naweza kumtolea nakala ya kibali na kumrudishia cha asili, kwa sababu mama alitaka kukihifadhi. Nilimtolea. Alinishukuru kwa kufika kwao, akasema baba mdogo ananisalimu. Nikamsihi arudie mwaka, nikamwambia mwaka mmoja si mwingi. Akasema atajaribu.

Hakujaribu. Muhula ulipofunguliwa hakujiandikisha. Simu yake haikushika. Nilipiga hadi nikazoea ile sauti ya mwanamke anayesema mteja hapatikani. Mwisho wa mwaka mfumo wa kompyuta ulimtoa wenyewe, na mbele ya jina lake ukaweka maneno ambayo huweka kwa kila anayeondoka bila kufukuzwa: ameacha masomo kwa hiari. Nilijaribu kubadilisha neno hilo la mwisho. Mfumo haukuwa na neno jingine.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuchosha vikaoni. Kila kanuni zilipopitiwa nilileta pendekezo lile lile: kwamba mwili usipopatikana, barua ya chifu na ushuhuda wa wazee wawili wa nyumba vitoshe, na kwamba muda wa rufaa usihesabiwe mpaka mtu azikwe. Mara ya kwanza lilirudishwa kwa marekebisho ya lugha. Mara ya pili kikao kiliisha kabla ya kulifikia. Mara ya tatu yule daktari wa elimu alizungumza, na wa kwanza kumuunga mkono alikuwa profesa mwenyewe, yule mwenyekiti. Alizungumza vizuri, kwa utulivu, kuhusu mila za watu wa ziwa na wajibu wa chuo kwa jamii. Likapita bila kupingwa. Niliomba jina la Okoth liandikwe katika kumbukumbu za kikao kama sababu ya badiliko. Nikaambiwa si desturi kutaja watu.

Kifungu hicho mnacho. Ni kifupi, kiko karibu na mwisho wa kijitabu, na mkiwa na haraka mtakiruka.

Nilistaafu. Wiki chache baadaye nilikwenda Luanda Kotieno kupanda feri kwenda Mbita, kwenye msiba wa shemeji. Feri ilikuwa haijafika, nikatembea ufuoni kati ya meza za samaki. Kwenye kibanda cha mabati alikuwa ameinama mtu juu ya injini iliyofunguliwa. Nilimtambua kwa mikono kabla hajainua kichwa.

Alifurahi kuniona, na sikutarajia furaha hiyo. Alipangusa kiti, akaagiza chai. Alisema alihamia huku kwa sababu ndiko mwili ulikopatikana na kazi ni nyingi. Ameoa. Mama yuko, mgonjwa wa miguu. Nikamweleza kuhusu kifungu kipya, na kwamba kwa kanuni za sasa anaweza kuomba kurudi, masomo aliyofaulu bado yanahesabiwa, na kwamba ingawa nimestaafu ningempeleka mlangoni kwa mkono wangu. Alinisikiliza huku akisugua kifaa kidogo kwa kitambaa chenye mafuta. Kisha akasema tayari anakijua kifungu hicho.

Nikashangaa. Akanieleza kwamba mtu akizama upande huu anaitwa yeye, kwanza kwa sababu ana boti na injini isiyozimika, halafu kwa sababu anajua ofisi zinataka nini. Siku ya kwanza kabisa, watu wakiwa bado wanalia, yeye humchukua mtu mmoja wa nyumba hiyo na kumpeleka polisi na kwa chifu, karatasi ziandikwe zikiwa na tarehe. Wengine humtukana kwa hilo. Humwambia marehemu hajapoa na wewe unawaza mihuri. Yeye huwapeleka hivyo hivyo. Msichana mmoja wa Uyoma alipoteza kaka yake, akaja chuoni kwetu na barua hiyo, akafanya mitihani yake yote. Nilimkumbuka. Nilikuwa nimemwingiza mimi mwenyewe, na sikujua ni nani aliyewahimiza waiandikishe barua ile.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi nimekaa, Mzee. Mtu akiwa majini lazima kuwe na mtu wa kumtafuta."

Feri ikapiga honi. Alinisindikiza mpaka kwenye ubao wa kupandia, akinibebea mfuko. Pale akanishika mkono, akachelewa kuuachilia.

"Hao vijana uliowaachia ofisi," akasema, "waambie mtoto wa huku akifika mlangoni na kichwa kimenyolewa, wamkalishe kwanza. Mambo ya mwili wasimuulize mbele ya watu."

Nilimwahidi nitawaambia. Ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote. Mkalisheni kwanza.